Brashi, kopo la spreyi au eabrashi: kipi kinaifaa ndege yako ya plastiki

Akishanunua seti yake ya kwanza ya ndege ya plastiki ya kuunganisha, mtu huuliza kama anunue na eabrashi, ile kalamu ya kupulizia rangi kwa hewa. Swali hilo linakuja mapema mno. Geuza boksi kwanza utazame picha ya rangi: ndege ni ya mabaka ya kijeshi, ni nyeupe ya abiria inayong'aa, ni ya bati tupu, au ina madoa yaliyofifia ubavuni? Kisha soma skeli, yaani ndege halisi imepunguzwa mara ngapi. Mambo hayo mawili, pamoja na aina ya rangi na thina unayoweza kuipata mahali ulipo, ndiyo yanayochagua chombo. Anayeanza na chombo hujikuta amenunua kompresa ghali, pampu ya hewa ya eabrashi, kwa ajili ya ndege ambayo brashi bapa ya milimita 6 ingeimaliza vizuri kwa wikendi mbili.

Tutavipima vyombo vitatu kwa ndege tatu zinazodai mambo tofauti. Ya kwanza ni Spitfire Mk.I ya mwaka 1940 kwa skeli ya 1/72, ndege ambayo Airfix imekuwa ikiitoa kwa namna mbalimbali tangu 1953. Ya pili ni Boeing 787-8, iitwayo Dreamliner, ya 1/144, aina ambayo Kenya Airways na Air Tanzania wanairusha. Zvezda na Revell wote wana seti yake. Ya tatu ni Messerschmitt Bf 109G ya 1/48, yenye madoa ya kijivu ubavuni.

Rangi kwanza, chombo baadaye

Rangi za modeli ziko makundi manne, na makosa mengi huanzia kwenye kuyachanganya.

Akriliki za maji, kama Vallejo Model Color na Revell Aqua, huyeyushwa kwa maji au kwa thina ya kampuni yenyewe. Hazinuki sana na hazishiki moto. Vallejo ukiitia spiriti au thina ya laka huganda kama ute wa bamia ndani ya kikombe, na eabrashi huziba palepale.

Akriliki za Tamiya, zile za X na XF, zinaitwa akriliki lakini ndani yake mna alkoholi. Thina yake ni X-20A. Soma herufi hiyo ya mwisho kwa makini: X-20 isiyo na A ni thina ya enameli za Tamiya, na chupa hizo mbili hufanana kiasi kwamba wengi wameharibu kazi kwa kuokota ile isiyo yake. Isopropili ya duka la dawa nayo huiyeyusha akriliki ya Tamiya bila shida.

Enameli, kama vikopo vya Humbrol vya mililita 14, ni rangi ya mafuta. Huyeyushwa kwa white spirit. Hukauka polepole, na kwa brashi hilo ni jambo jema kwa sababu rangi hupata muda wa kujilaza. Ubaya wake ni kwamba utasubiri hadi kesho yake kabla ya tabaka la pili.

Laka, kama Mr. Color, Tamiya LP, na makopo ya spreyi ya Tamiya ya TS na AS, hukauka haraka, hushika plastiki kwa nguvu na hutoa uso laini kuliko zote. Moshi wake ni mkali, na yanayopulizwa kwa laka hayafai chumbani mnapolala.

Thina ya magari inayouzwa kwa mafundi rangi si mbadala wa thina hizi. Hula plastiki ya modeli, ambayo ni polistireni, na mistari midogo ya paneli hulainika ikapotea. Ifanye ya kusafishia vyuma vya eabrashi tu, tena mbali na vizibo vya mpira.

Kazi isiyobadilika

Chombo chochote utakachochagua, hatua za kabla ya rangi ni zilezile na hazina njia ya mkato. Osha fremu za vipande kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo. Kiwandani huwa zimebaki na mafuta ya kutolea kwenye umbo, na rangi iliyokaa juu ya mafuta hayo huondoka na tepu. Kata kwa koleo bapa ukiacha kishina cha milimita 1, kisha kimalizie kwa kisu. Gandisha kwa gundi nyepesi ya kuyeyusha: shikanisha nusu mbili za kiwiliwili, gusisha brashi ya gundi kwenye mshono, iache ijivute yenyewe, halafu bana taratibu mpaka uzi mwembamba wa plastiki laini utoke nje. Uzi huo ukikauka kwa siku moja unausugua kwa msasa wa maji namba 400, 600, kisha 1000, na mshono unatoweka bila puti.

Hapa pana tofauti moja. Brashi husamehe mshono mbaya kidogo kwa sababu rangi yake ni nzito. Kopo na eabrashi havisamehi: rangi nyembamba inayong'aa huchora kila kosa, na kwenye mgongo mweupe wa Dreamliner mshono ulioachwa utauona ukiwa mlangoni.

Kioo cha rubani usikigandishe kwa supagluu, kwani mvuke wake hukitia ukungu mweupe. Tumia gundi nyeupe ya mbao.

Brashi na Spitfire ya 1/72

Spitfire halisi ilikuwa na upana wa mita 11.23 toka ncha ya bawa hadi ncha. Kwa 1/72 hiyo ni milimita 156, karibu urefu wa kalamu. Sasa piga hesabu ya mpaka kati ya kahawia na kijani. Hata kama kwenye ndege halisi rangi mbili zilichanganyikana kwa sentimita 2.5, katika 1/72 mchanganyiko huo una upana wa milimita 0.35. Jicho halioni tofauti kati yake na mstari mkali. Kwa hiyo dai kwamba mabaka lazima yapulizwe halina msingi kwa ndege ndogo ya namna hii. Brashi inatosha, na mara nyingi ndiyo sahihi zaidi kuliko eabrashi iliyoshikwa na mkono mgeni, ambayo huacha ukungu wa milimita 3. Huo kwenye ndege halisi ungekuwa sentimita zaidi ya 20.

Unahitaji brashi tatu za nyuzi za sintetiki: bapa ya milimita 6 hadi 8 kwa mabawa, ya duara namba 2 kwa kiwiliwili, na namba 00 kwa kingo na fremu za kioo. Brashi ya mwisho usiibanie fedha. Ncha ikipasuka mara moja haichori tena mstari.

Kahawia ya udongo, inayoandikwa Dark Earth, ndiyo ya kuanzia juu kwa sababu ni nyepesi kuliko kijani. Maelekezo ya Airfix hutaja namba za Humbrol: 29 ni Dark Earth, 90 ni ile rangi ya tumbo iitwayo Sky. Ukitumia akriliki ya maji, weka matone 5 ya rangi kwenye kigae au sahani, tia tone 1 hadi 2 la maji, na koroga bila kutia mapovu. Rangi iwe kama maziwa mazito. Chovya theluthi moja tu ya nyuzi, futa upande mmoja kwenye ukingo wa kigae, kisha vuta toka mbele ya bawa kwenda nyuma, njia ambayo hewa ingepita. Mfuto wa pili ugusane na wa kwanza ungali umelowa. Ukishapita, usirudi. Hapo ndipo brashi huwashinda wengi: wanaona plastiki inaonekana chini ya rangi, wanarudi kuziba, na brashi inang'oa ngozi iliyoanza kukauka na kuacha matuta kama shamba lililolimwa.

Tabaka la kwanza litakuwa baya, lenye mabaka na uwazi. Ndivyo linavyotakiwa kuwa. Subiri dakika 20 hadi 30, pitisha la pili, subiri tena, pitisha la tatu. Matabaka matatu membamba yana unene pungufu ya moja zito, na mistari ya paneli inabaki. Siku ya joto kavu, rangi ikikaukia kwenye brashi, tia tone 1 la dawa ya kuchelewesha ukaukaji kwa kila matone 10 ya rangi.

Mipaka ya kijani ichore kwa penseli laini ya HB juu ya kahawia iliyolala usiku mzima, ukifuata mchoro wa boksi. Anza kwa brashi namba 00 ukifuatisha mstari kwa ndani, kisha jaza katikati kwa namba 2. Kijani kikikosea njia, subiri kikauke ukirudishie kahawia.

Akriliki ya Tamiya kwa brashi ni mtihani. Alkoholi ya tabaka la pili huyeyusha la kwanza, na rangi hujikunja chini ya nyuzi. Ikiwa ndiyo uliyonayo, tia dawa ya kuchelewesha, acha saa 24 kati ya matabaka, na pita mara moja tu. La sivyo iweke ya eabrashi, ambako haina mpinzani kwa urahisi.

Njano, nyekundu na nyeupe ni dhaifu kwa brashi. Ncha za njano za propela zipakwe nyeupe kwanza, vinginevyo utamaliza matabaka 6 na weusi bado unachungulia. Bati tupu, kama la Mustang P-51D ya fedha, usilijaribu kwa brashi kabisa. Chembe za metali hufuata mfuto na kila mstari unang'aa upande wake. Hiyo ni kazi ya kopo au eabrashi, na Tamiya wana kopo lake, AS-12.

Kopo la spreyi na Dreamliner

Boeing 787-8 ina urefu wa mita 56.7, kwa hiyo modeli ya 1/144 ni karibu sentimita 39, na karibu kiwiliwili chote ni nyeupe inayong'aa. Kwa brashi hiyo ni adhabu. Kwa eabrashi ya nozeli (tundu la kutolea rangi) ya milimita 0.3 inawezekana, lakini utajaza kikombe kidogo mara nyingi, na mpulizo mwembamba hukauka kabla haujajilaza kwenye eneo kubwa hivyo. Kopo hutoa rangi nyingi kwa mpito mmoja mpana, na ndiyo maana kwa ndege za abiria linawashinda wote wawili.

Tenga kopo 1 la praima nyeupe, yaani rangi ya msingi, na makopo 2 ya nyeupe ya kung'aa, kwa mfano TS-26 ya Tamiya yenye mililita 100. Unaweza usimalize la pili, lakini kuishiwa rangi katikati ya tabaka la mwisho ni kuanza upya.

Liweke kopo ndani ya bakuli la maji ya vuguvugu, yale ambayo mkono unayastahimili, kwa dakika 5. Usiliweke juani wala karibu na jiko. Gesi ikipata joto presha hupanda, matone huwa madogo na rangi hujilaza vizuri zaidi. Tikisa dakika 2 kamili baada ya kusikia goroli. Kiwiliwili kivishe kwenye kijiti au chupa ili usikishike.

Umbali ni sentimita 20 hadi 25. Bonyeza ukiwa nje ya modeli, pita toka puani hadi mkiani bila kusimama, achia ukiwa nje upande wa pili. Kosa la kubonyeza ukiwa tayari juu ya ndege hutupa matone makubwa ya mwanzo palepale. Tabaka la kwanza liwe vumbi tu, plastiki ionekane. Dakika 10. La pili vilevile. Dakika 10. La tatu ndilo la kulowesha: pita polepole kidogo mpaka uone mwanga wa dirisha ukijichora juu ya rangi kama juu ya maji, na uachie hapohapo. Nusu sekunde zaidi na rangi inatiririka hadi tumboni.

Ikitiririka usiifute. Iache siku mbili, sugua mchirizi kwa msasa wa maji 1500 kisha 2000, na upulize tena. Uso ukitoka wenye vijishimo kama ganda la chungwa, rangi ilifika ikiwa nzito au kopo lilikuwa baridi. Ukitoka mkavu wenye chengachenga, ulisimama mbali mno. Vumbi la chumbani ndilo adui wa nyeupe. Nyunyiza maji sakafuni kabla hujaanza, na ukimaliza funika modeli kwa boksi.

Makopo ya duka la vifaa vya ujenzi yanavutia kwa bei. Baadhi hufaa, baadhi hula polistireni na kuacha uso kama ngozi ya mamba. Kabla ya kuyaamini, puliza kwenye kipande cha fremu iliyobaki, tena puliza kwa wingi, usubiri siku moja.

Kwa Spitfire kopo linawezekana pia, kwani AS-9 ni Dark Green na AS-22 ni Dark Earth za jeshi la anga la Uingereza. Taabu ni kuziba. Kila rangi inahitaji kufunika zilizotangulia kwa tepu ya karatasi, na kwa kuwa kopo hutoa rangi nyingi, kwenye ukingo wa tepu hubaki ngazi inayoonekana kwenye ndege ndogo. Ukiamua kulitumia, kata mabaka kwa karatasi na uyainue milimita 2 juu ya bawa kwa vijidonge vya gundi-udongo ya kubandikia mabango. Rangi itapita chini kidogo na ngazi haitakuwepo. Kwa madoa ya Bf 109 kopo halifai kitu.

Eabrashi na madoa ya Messerschmitt

Bf 109G ya 1/48 ina mabawa ya milimita 207 na ubavu wenye madoa ya kijivu juu ya kijivu-samawati. Doa la sentimita 30 kwenye ndege halisi ni milimita 6 hapa, na kingo zake zinafifia. Brashi karibu kavu inaweza kuyadonoa, na kwa 1/72 hupita. Kwa 1/48 yanaonekana kama alama za vidole. Hapa eabrashi inalipa gharama yake.

Gharama yenyewe iko kwenye hewa kuliko kwenye kalamu. Eabrashi ya kawaida inayofaa ni ya kichwa chenye vitendo viwili, yaani kubonyeza kunaleta hewa na kuvuta nyuma kunaleta rangi, yenye kikombe juu na nozeli ya milimita 0.3. Kompresa iwe na mtungi wa lita 3 au zaidi, kidhibiti presha chenye saa, na chujio la maji. Bila mtungi, hewa hufika kwa mapigo na mstari unatetemeka. Vile vikompresa vidogo vya kuchaji vinavyofungwa chini ya kalamu vinafaa kwa praima na vanishi, lakini vingi havina kidhibiti, na madoa bila kudhibiti presha ni kubahatisha. Mitungi ya gesi ya kopo hupoa ikitumika na presha inashuka katikati ya kazi, usiinunue.

Kwa eneo pana changanya akriliki ya Tamiya sehemu 1 kwa X-20A sehemu 1, presha baa 1 hadi 1.2, umbali sentimita 10 hadi 15. Kwa madoa punguza ukali wa kila kitu: rangi sehemu 1 kwa thina sehemu 2, presha baa 0.8, pua ya eabrashi sentimita 2 hadi 3 toka kwenye plastiki. Rangi iliyochanganywa vizuri ukiikoroga hushuka kwenye ukuta wa kikombe kama maziwa ya kawaida, ikiacha utando mwembamba.

Kabla ya kugusa ndege, fanyia mazoezi vijiko vyeupe vya plastiki. Vina mviringo kama ubavu wa ndege na ni vya bei ya chini. Bonyeza hewa kwanza. Ikiwa inatoka, vuta kidole nyuma kwa kiasi cha unene wa karatasi, chora duara dogo bila kusimama, rudisha kidole mbele, kisha ndipo uachie hewa. Ukiacha hewa kabla ya kufunga rangi, tone hubaki kwenye ncha na litarukia doa linalofuata. Doa moja lijengwe kwa mipito mitatu hafifu, lisipigwe mara moja. Vijiko 10 vikishakutoka vizuri mfululizo, nenda kwenye ndege.

Dalili na sababu zake zikariri, kwani utazikuta zote. Rangi ikikimbia pembeni kama miguu ya buibui, ni nyepesi mno, au presha ni kubwa, au uko karibu mno. Uso ukitoka kama msasa, uko mbali au thina ni kidogo. Ikitema matone hapa na pale, rangi imekaukia kwenye ncha ya sindano. Ifute kwa kijiti cha pamba chenye thina. Ikitema bado, toa sindano uiviringishe juu ya kioo cha meza: ikichezacheza, ncha imepinda. Mapovu yakichemka ndani ya kikombe wakati hujafanya kitu, hewa inavuja kwenye nozeli; ama imelegea ama imepasuka, na nozeli iliyopasuka haina tiba ila mpya.

Usafi ndio bei ya kudumu. Kati ya rangi na rangi ni dakika 2: mwaga, tia thina, puliza, rudia. Mwisho wa siku ni dakika 10 hadi 15, sindano nje, nozeli nje. Mtu ambaye anajijua hatafanya hivyo kila siku asinunue eabrashi, kwa sababu iliyoachwa na rangi usiku mmoja hula muda mwingi kuliko ndege yenyewe.

Kwa muhtasari, Spitfire ileile ya 1/72 ikifanywa kwa kila chombo:

| | Brashi | Kopo | Eabrashi |
|---|---|---|---|
| Matabaka kwa rangi moja | 3 | 2–3 | 2–4 membamba |
| Kusubiri kabla ya kubandika tepu | usiku mmoja | saa 24–48 | saa 2 kwa laka, usiku mmoja kwa akriliki |
| Kusafisha | dakika 2 | sekunde 5, kopo likiwa kichwa chini | dakika 15 |
| Umeme | hapana | hapana | ndiyo |
| Sehemu ya kupulizia yenye hewa | hapana | lazima | lazima |

Mstari wa mwisho wa jedwali uchukuliwe kwa uzito. Barakoa ya kitambaa au ya hospitali haizuii mvuke wa laka. Inayohitajika ni ya mpira yenye vichujio vya mvuke wa kemikali. Hata akriliki ya maji ikipulizwa hubaki hewani kama unga wa plastiki na haifai kuvutwa. Pasiwe na jiko, mshumaa wala sigara karibu.

Unyevu wa pwani, na mizigo ya kutoka ng'ambo

Kwa anayefanya kazi hii Dar es Salaam, Mombasa au Unguja, unyevu hubadilisha hesabu. Laka inapokauka haraka hupoza uso wa plastiki, na mvuke wa hewani hugeuka maji juu ya rangi. Matokeo ni ukungu mweupe kama wa pumzi kwenye kioo, hasa kwenye rangi za giza na vanishi. Unyevu ukizidi asilimia 80 weka kopo chini. Mchana katikati, siku isiyo na mvua, hewa huwa kavu kuliko asubuhi. Ukungu ukishatokea, subiri siku kavu na upitishe tabaka jepesi la laka ileile. Thina yake huufungua uso na maji hutoka. Brashi yenye akriliki haina shida hiyo, na hiyo ni sababu ya kweli ya kuichagua msimu wa masika.

Kompresa nayo hunywa unyevu huo. Mtungi hujaa maji, na ghafla eabrashi hutema tone safi la maji katikati ya doa. Fungua vali ya chini ya mtungi kila unapomaliza, na angalia kikombe cha chujio kila nusu saa.

Kisha kuna suala la kuvipata vitu. Seti yenyewe husafiri popote, lakini kopo la spreyi ya rangi haliruhusiwi kwenye ndege, si begi la mkononi wala la chini, na vivyo hivyo thina za laka, enameli na gundi za kuyeyusha, kwa kuwa zinashika moto. Ndugu anayekuja kutoka Dubai au London usimtume vitu hivyo. Vitachukuliwa uwanjani na yeye atasumbuliwa. Akriliki za maji zisizoshika moto ndizo zenye njia. Ikiwa mahali ulipo hakuna duka la modeli, jambo hili peke yake linaweza kukuamulia: Vallejo na brashi leo, eabrashi ukishajua thina utainunua wapi kila mwezi.

Kuvichanganya

Chaguo zuri kwa wengi ni viwili kwa pamoja, kopo na brashi. Praima ya kopo chini, rangi kwa brashi katikati, vanishi ya kopo juu. Praima iliyopulizwa huipa brashi uso wenye kushika, na tabaka la kwanza halitelezi. Juu, vanishi ya kung'aa huzipa stika za maji, zile alama za ndege zinazolowekwa kabla ya kubandikwa, mahali laini pa kukaa. Ukizibandika juu ya rangi isiyong'aa, hewa hunasa chini ya utando wake na kila duara la jeshi la anga huzungukwa na kivuli cha fedha.

Stika ziloweke maji ya vuguvugu kwa sekunde 20 hadi 30, ziweke kando mpaka ziteleze zenyewe kwenye karatasi, ziburute hadi mahali pake kwa brashi iliyolowa, na nyonya maji kwa ncha ya tishu ukianzia katikati. Dawa ya kulainisha stika huzikunja kwa dakika chache; usiziguse, zitajinyoosha. Acha usiku mmoja.

Mwisho ni vanishi isiyong'aa, TS-80 kwa mfano. Ikiwa ni ya kopo na chini yake kuna stika, matabaka mawili ya kwanza yawe vumbi kavu kwa umbali wa sentimita 30, dakika 15 kati yake, kwa sababu laka iliyolowesha huzila stika na kuzikunja. Itikise kopo zaidi ya kawaida, dakika 3: unga unaoua mng'ao hukaa chini, na usipopanda ndege itatoka na madoa meupe. Brashi nayo inaweza kupaka vanishi ya maji, lakini kwa hiyo isiyong'aa huacha michirizi ya chokaa kwenye kijani. Kama huna kopo wala eabrashi, chukua ile ya mng'ao hafifu kama wa ganda la yai, tabaka moja jembamba, na uvute tena toka mbele ya bawa kwenda nyuma.